Sanduku la Vyuma la Makori

Mwaka wa pili baada ya Uhuru, gari la Makori lilisikika kabla ya kuonekana. Lilikuwa Landrova la kampuni ya pamba, na nyuma yake, juu ya sakafu ya bati, vyuma vya kukwamulia gari vililala ovyo kama walevi wa sikukuu: jeki ndefu ya kusimama, mnyororo mzito wa hatua kumi na tano, mtaimbo, beleshi, na mabamba mawili ya chuma yenye mashimo, ya kutandikwa chini ya gurudumu linaloteleza. Gari likipanda, vyuma vilikimbilia mlangoni. Likishuka, vilirudi mbele kumsalimia dereva. Watu wa kati ya Rodi na Ndhiwa waliposikia ule mlio waliondoa mtama wao uliokuwa ukianikwa barabarani, na mwenye shida ya chuma alitoka akasimama kando ya njia.

Wenye shida ya chuma hawakukosekana. Huyu alitaka beleshi la kuchimbia kaburi. Yule alitaka mnyororo wa kung'olea kisiki shambani. Mjane mmoja, Rispa, ambaye boma lake lilikuwa juu kidogo ya kijito kilichokatiza barabara, aliazima jeki kila baada ya masika kuinulia pembe ya ghala lake, kwa sababu mchwa walikuwa na maoni yao juu ya nguzo. Makori alitoa. Akienda Ndhiwa aliacha vitu njiani, akirudi alivikusanya, na kama chuma hakikuwa tayari alikipitia wiki iliyofuata.

Yeye mwenyewe alikuwa mgeni. Alitoka milima ya Kisii, mtoto wa nne kati ya ndugu sita, na sehemu yake ya shamba la baba ilikuwa pana kama mkeka: ukilala chali, miguu inamwingilia kaka yako. Kazi ya udereva ndiyo iliyomleta kuishi pembeni mwa soko la Ndhiwa na mkewe Nyanchoka, ambaye aliuza ndizi na kubishana kwa Kijaluo kuliko wenyewe. Makori hakukiweza Kijaluo. Alizungumza Kiswahili cha njiani, polepole, na alikuwa Msabato wa kweli: hakunywa kahawa, hakugusa usukani baada ya jua la Ijumaa kuzama, wala hakusema uongo. Wajaluo walimwita Wuon Nyangi, yaani baba yake Nyangi, kwa jina la binti yake, na walipotaka kumchokoza walimwita Jakisii, yaani mtu wa Kisii, ambalo lilikuwa neno la kweli, kwa hiyo aliliitikia.

Barua ya kwanza kutoka ofisini ilikuja kwa sababu ya ng'ombe. Karibu na Rodi ng'ombe alisimama katikati ya barabara, Makori akakanyaga breki kwa nguvu, na jeki ikaruka kutoka nyuma, ikapita kati ya sikio lake na kofia ya mpima pamba aliyekuwa amekaa kando yake, ikavunja kioo cha mbele na kutua mbele ya yule ng'ombe. Ng'ombe aliitazama akaendelea kucheua. Mpima pamba hakusema neno mpaka ofisini, Homa Bay, na huko alisema mengi.

Barua ya pili ilikuja kwa sababu ya mtaimbo ambao siku ya kuhesabiwa ulikuwa Kosele, umesimamisha ua wa mtu. Kwa hiyo ofisi ilikuwa na malalamiko mawili: kwamba vyuma vinatembea ndani ya gari, na kwamba vinatembea nje ya gari. Barua ilimaliza hivi: atengeneze mahali imara pa kufungia vyuma, pasipoguswa na mtu, na siku ya ukaguzi, Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nne, kikikosekana kimoja tu, atakabidhi ufunguo wa gari na kwenda kwao.

Nyanchoka alisomewa barua ile mara mbili. "Kwao wapi?" aliuliza. "Kwenye ule mkeka?"

Makori akaanza kujenga sanduku.

Baba yake alikuwa seremala, na mikono ilikumbuka. Lakini hakuwa na kifaa hata kimoja. Akaenda kwa Cephas, seremala wa soko la Ndhiwa, mtu mfupi mwenye penseli nyuma ya sikio hata kanisani, akaomba msumeno na randa. Cephas akampa kabla hajamaliza kuomba. Keke ya kutobolea aliipata kwa mwalimu wa shule. Nyundo nzito ilitoka kwa mfua majembe. Patasi ilitoka kwa katekista wa Kikatoliki, ambaye hakuuliza ni ya nini. Mbao nene za mvule alipewa na mzee mmoja ambaye Makori alimvutia gogo hilohilo kwa mnyororo mwaka uliopita. Mtu aliyekuwa akijenga dawa ya kuazimana hakununua ila bolti, bawaba na kufuli.

Alipima nafasi iliyo kati ya magurudumu ya nyuma, akaweka sanduku hapo, chini kabisa, ili uzito ukae juu ya ekseli na gari lisiinuke pua. Sakafu yake aliifunga kwa bolti nane zilizopenya bati mpaka kwenye chesi, na chini ya kila nati akatia kipande cha bamba ili bati lisichanike. Ndani alikata vyumba. Mnyororo ulilala chini kabisa katika kitanda cha mpira wa tairi kuukuu. Jeki ililala kukingama, imebanwa na vigingi viwili, kichwa upande wa kushoto, ili breki zikikanyagwa isipate njia ya kwenda mbele. Mabamba yalisimama ubavuni kwa ukanda wa ngozi. Mtaimbo na beleshi vilipata mfereji wao. Bawaba alizificha ndani, skrubu zisionekane, na kufuli alilitia shimoni ili mtaimbo wa mwizi usipate pa kuingia.

"Umetengeneza jeneza la nani?" Cephas aliuliza alipokuja kutazama.

"La vyuma."

"Vina heri. Mimi nitazikwa kwa mbao za msonobari." Akapitisha kidole kwenye kiungo cha pembeni, akatafuta kasoro, akaikosa, akanuna kidogo. "Jakisii, hapa hata panya ataomba barua ya utambulisho."

Makori aliendesha gari kwa kasi juu ya mawe ya Rodi kulijaribu. Hakuna kilichogonga. Hakuna kilicholia. Alisikia kwa mara ya kwanza injini yake, na upepo, na ndege. Alifurahi kwa maili mbili. Maili ya tatu akakanyaga kuku, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anakuja.

Hapo ndipo kosa lake lilipoanza. Katika nchi ile mtu anaweza kukunyima kitu na mkabaki marafiki, ilimradi akunyime kwa adabu. Anasema jembe limevunjika mpini. Anasema shoka liko kwa shemeji. Wewe unaliona shoka nyuma ya mlango, yeye anakuona unaliona, mnaulizana habari za watoto, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Makori hakusema uongo. Kijana wa watu alimsimamisha na kuomba mtaimbo, naye akajibu, "Upo. Siwezi kukupa."

"Unautumia?"

"Siutumii."

"Umeharibika?"

"Ni mzima."

Yule mtu akamtazama kama anayetazama mtu aliyevua nguo sokoni.

Katika majuma matatu alimjibu hivyo kila mtu. Rispa ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu masika yalikuwa yamefika na pembe ya ghala lake ilikuwa imelala. Alisimama kando ya gari, mikono kiunoni.

"Wuon Nyangi, ungesema tu jeki imemezwa na mamba."

"Haijamezwa, mama."

"Najua haijamezwa! Nakufundisha kuongea na watu."

"Ofisi imekataza."

"Ofisi ina ghala hapa?"

Rispa aligonga bodi ya gari kwa kiganja, mara mbili, kama mtu anayeagana na ng'ombe aliyeuzwa, akaondoka.

Nyanchoka alianza kupata wateja wachache wa ndizi. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Walimwambia tu kwamba siku hizi ndizi zinawaumiza tumbo.

Ijumaa ya ukaguzi ilikuja na mvua ya siku mbili nyuma yake. Makori alitoka Ndhiwa saa saba mchana na magunia ya pamba manne na sanduku lililojaa, kila chuma kimepakwa mafuta. Mkaguzi, Bwana Onyancha, angekagua magari mpaka saa kumi na moja, na asiyefika aliandikwa kwamba hana kitu. Makori alikuwa na saa nne kwa safari ya saa moja na nusu. Aliimba wimbo wa kanisani.

Kwenye kijito cha chini ya boma la Rispa udongo ni mweusi, ule ambao wakati wa kiangazi hupasuka ukameza kandambili na wakati wa masika humeza aliyeivaa. Gari liliingia, likasonga hatua tatu, likakaa. Si kukwama kwa haraka. Lilikaa taratibu, kama mama mkwe anayejiandaa kukaa siku nyingi.

Makori hakuogopa. Alishuka, akafungua kufuli, akainua kifuniko, na kwa kweli alisimama kidogo kutazama jinsi kila kitu kilivyolala mahali pake. Akatoa jeki. Akaisimamisha chini ya bampa ya nyuma, akapampu. Gari halikupanda, jeki ilishuka. Akaweka bamba chini ya jeki. Bamba likashuka na jeki. Akafunga mnyororo mbele ya gari na kuukokota kuelekea mti ulio karibu, na mnyororo ukaisha mti ukiwa bado hatua ishirini na tano mbele. Akachimba. Kila beleshi alilotoa, tope lilirudisha lenyewe na nyongeza.

Aliponyanyua kichwa, juu ya ukingo palikuwa na watu wapatao thelathini. Walikuwa wamekuja boma la jirani kwa matanga ya baba mdogo wake Cephas, ambaye angezikwa Jumapili, na matangani mtu huchoka kukaa. Walikuwa wamejifunika majani ya mgomba na magunia. Rispa alikuwa mbele, amekalia kigoda alichokibeba makusudi.

"Wuon Nyangi," aliita, "vyombo vyote si unavyo?"

"Ninavyo, mama."

"Hakuna kilichopotea?"

"Hakuna."

"Mungu asifiwe. Endelea, basi. Tusikusumbue."

Watu wakacheka. Mmoja akauliza kama lile sanduku linaweza kusukuma lenyewe. Mwingine akasema aliache, ni zito, huenda ndilo linalozamisha. Cephas akasema kwa uchungu wa fundi, "Sanduku lisitukanwe. Kiungo chake ni safi. Tatizo ni mwenyewe."

Saa tisa ikapita. Makori alikuwa na tope mpaka kifuani. Jua lilichungulia chini ya wingu, na alilitazama kwa namna ambayo wote pale juu waliielewa, kwa sababu walijua desturi yake: likizama, Jakisii atakaa ndani ya gari na Biblia mpaka kesho jioni, na gari likae naye.

"Ukaguzi ni saa ngapi?" Rispa aliuliza, sasa bila kucheka.

"Kumi na moja. Nisipofika, nimefukuzwa."

"Nyanchoka anajua?"

"Anajua."

"Na wewe umekaa hapo chini unapampu." Alisimama, akabana kigoda kwapani. "Unataka nini, Wuon Nyangi?"

"Nataka gari litoke."

"Gari silo linaloongea na mimi. Wewe unataka nini?"

Mvua ilikuwa imekatika. Kijito kilipita katikati ya magurudumu kikijisemea. Makori, ambaye kwa miaka sita aliombwa na kila mtu katika barabara ile na hakuwahi kumwomba mtu yeyote pale kitu ila vifaa vya kumnyimia, alijifuta midomo kwa sehemu ya mkono iliyokuwa bado safi.

"Naomba mnisaidie," alisema.

"Hilo tu?" alisema Rispa. "Tangu saa nane tunalingoja."

Wakateremka wote. Waliokuwa na nguo za matanga walizifunga kiunoni. Mmoja alinyakua beleshi, mwingine mtaimbo. Mabamba yakachukuliwa na wanaume wawili, matawi yakakatwa na kutandikwa, mawe ya ukingoni yakapitishwa mkono kwa mkono na kuwekwa chini ya jeki mpaka ikapata pa kukanyaga. Mnyororo uliongezwa kamba ya kufungia ng'ombe, watu ishirini wakaushika. Mwanamke mmoja alianzisha wimbo wa matangani, kwa kuwa ndio uliokuwa mdomoni siku ile, na gari likavutwa kutoka topeni kwa wimbo wa kumsindikiza marehemu. Saa kumi na robo lilikuwa juu, linatiririka tope, limewaka.

Makori alishukuru. Alizunguka nyuma, akafungua kifuniko cha sanduku, akangoja kurudishiwa vyuma.

Lakini vyuma vilikuwa tayari njiani. Aliyeshika beleshi alikuwa ameliweka begani na kuelekea kwenye matanga, kwa sababu kaburi lilikuwa bado halijachimbwa. Mwenye mtaimbo alimfuata, maana chini ya udongo ule kuna mwamba. Mnyororo wanaume wanne waliubeba kama chatu aliyeuawa; kulikuwa na kuni za matanga za kuvuta. Mabamba yalikuwa yanakwenda kuwa meko ya masufuria makubwa. Na Rispa alikuwa anapanda mlima na jeki kichwani, bila kuishika, akizungumza na mwenzake habari nyingine kabisa. Hawakuiba. Hawakuomba pia. Mambo yalikuwa yamerudi yalipokuwa, na hakuna anayeomba ruhusa ya kurudi nyumbani.

Makori alifungua mdomo. Mbele yake ulikuwa mgongo wa mtu ambaye shati lake la pekee la matanga lilikuwa limepakaa tope la gari lake. Akafunga mdomo. Kisha, kwa mazoea, akafunga na sanduku.

Barabara yote ilikuwa tope, akafika Homa Bay saa kumi na mbili na nusu. Uwanja wa kampuni ulikuwa mtupu, ila Bwana Onyancha, amesimama mlangoni na kalamu, akingoja gari la mwisho na kutazama jua lililokuwa limekaribia maji ya ziwa. Bwana Onyancha pia alikuwa Msabato, mzee wa kanisa.

"Ndugu Makori. Nilishaanza kuandika jina lako upande mbaya."

"Nilikwama, mzee."

"Ukajitoa?"

"Nilitolewa."

Onyancha alipanda nyuma ya gari, akapiga magoti kwenye gunia. Alilitikisa sanduku, gari ndilo lililotikisika. Alitafuta skrubu, hakuziona. Alijaribu kuingiza ncha ya kisu kwenye kufuli, hakufaulu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta hesabu safi baada ya wiki nzima ya uchafu. "Hili," alisema, "hili ndilo nimekuwa nikiwaambia. Fungua."

Makori alishika ufunguo. "Nitafungua, mzee. Lakini ni tupu."

Onyancha hakugeuka.

"Vitu viko njia ya Ndhiwa, matangani. Najua kila kimoja kiko kwa nani. Ni tupu kabisa, mzee."

Onyancha alitazama fomu yake, kisha jua. Fomu ya upotevu ilikuwa na kurasa tatu, nakala nne, maelezo ya dereva na sahihi ya meneja, ambaye aliondoka saa kumi. Nusu ya duara la jua ilikuwa imebaki juu ya ziwa. Likizama, kalamu ile ingekuwa dhambi. Kuandika kwamba vyuma vipo ingekuwa dhambi ya pili.

"Nilikuuliza kilichomo?" alisema hatimaye.

"Umesema nifungue."

"Nimeondoa neno langu. Sanduku limefungwa?"

"Limefungwa."

"Ni imara?"

"Ni imara."

Akaandika haraka, akisoma kwa sauti: sanduku limekaguliwa, limefungwa, imara kupita yote, vyuma vitahesabiwa Jumatatu saa mbili, kwa sababu ya Sabato. Alipofunika kalamu, ziwa lilikuwa limemeza nusu iliyobaki. "Sabato njema, ndugu," alisema, na wote wawili wakaacha gari palepale na kutembea kwa miguu hadi kanisani.

Jumapili asubuhi Makori alituma habari kwa basi; jioni kaburi lilikuwa limefunikwa, na vyuma vikaanza kufika Homa Bay. Jeki ilikuja kwa baiskeli ya mkwe wa Rispa. Mabamba na mtaimbo vilifika na lori la samaki lililotoka Mbita kupitia njia ndefu. Mnyororo ulikuja na Cephas mwenyewe, ambaye alisema alitaka kukiona tena kile kiungo. Beleshi lilifika Jumatatu saa moja na nusu, juu ya basi, bila mtu, limefungwa kwa jani la mgomba na kuelekezwa kwa jina la Wuon Nyangi. Saa mbili Onyancha alihesabu. Hakuna kilichokosekana.

Meneja alisoma ripoti, hasa maneno "imara kupita yote", akaja kulitazama sanduku na kulipiga teke. Siku ya tatu barua ilitoka, ya tatu kwa Makori na ya kwanza yenye pongezi. Hakufukuzwa. Kampuni ilikuwa na magari matano mengine, na yote yalihitaji sanduku kama lile. Kwa hiyo, kwa kutambua uangalifu wake juu ya mali ya kampuni, anahamishiwa karakana ya Homa Bay kuwa seremala, na barabara ya Ndhiwa atapewa dereva mwingine.

"Ni kupandishwa cheo," alimwambia Nyanchoka.

Nyanchoka alikuwa akifunga visu vyake vya ndizi katika kitambaa. Wateja walikuwa wamerudi wote wiki ile. Matumbo yao yalikuwa yamepona ghafla. "Nimesikia," alisema. "Sasa nitagombana na nani huko? Samaki?"

Dereva mpya aliitwa Machuki, kijana wa Kisii vilevile, mwenye kofia. Asubuhi ya kwanza alikuja karakana kuchukua gari, na Makori akamwonyesha sanduku: jeki inavyobanwa, mnyororo unavyolala, jinsi ya kugeuza ufunguo bila kuulazimisha. Machuki alisikiliza kwa heshima.

"Wanasema kuna kijito kibaya," alisema.

"Kipo."

"Nikikwama nianze na jeki, au na mnyororo?"

Makori alikuwa na ubao mkononi, wa sanduku la gari la pili. Aliupuliza unga wa msumeno.

"Ukikwama, zima injini. Shuka, panda ukingoni, kuna mama mmoja anaitwa Rispa. Msalimie. Muulize ghala lake linaendeleaje, na umngoje amalize kukujibu, anajibu kwa urefu. Halafu umwombe."

"Nimwombe nini?"

"Yeye atajua."

Machuki alitazama lile sanduku zuri, bolti zake nane, kufuli lake lililozama. "Na hili, mzee?"

"Hilo ni la ukaguzi," alisema Makori. "Ufunguo usiutoe mfukoni mbele ya watu, watadhani unawafungia."

Gari likatoka langoni bila mlio. Makori alisubiri mpaka likapotea kwenye kona, akarudisha ubao mezani, akatafuta penseli.